Kuresoi na Kazi ya Zahanati Aliyokabidhiwa Chifu

Katika Kuresoi, kuanzia Keringet na Olenguruone upande wa kusini hadi Kamara, Sirikwa na Kiptororo upande wa kaskazini, kuna rai moja kuhusu ulevi ambayo imekubalika kwa muda mrefu kiasi kwamba wengi wanaoishikilia hawaihoji tena. Rai hiyo inashikilia kuwa ulevi ni upotovu wa tabia unaoletwa na wingi wa pombe haramu, na kwamba njia ya kuumaliza ni kuwaandama wanaoipika: chifu na naibu wake wafanye misako, polisi wawakamate mama pima, yaani wanawake wanaoiuza, kangara imwagwe, wanywaji wapelekwe seli au watozwe faini, na vijana watarudi mashambani. Husemwa katika mabaraza ya machifu, hurudiwa mimbarini na hupigiwa makofi mazishini, ambako wanasiasa huahidi kuifagia pombe yote mitaani. Makala haya yanaipinga rai hiyo kikamilifu. Hayaipingi kwa kudai kwamba madhara ya pombe huko yametiwa chumvi, kwa maana hayajatiwa. Yanaipinga kwa sababu tiba inayopendekezwa haijawahi kumfikia mgonjwa, na kwa zaidi ya miaka 40 imesaidia kuufanya ugonjwa wenyewe kuwa mkali zaidi.

Inafaa kuanza na sheria, kwa kuwa watetezi wa misako huzungumza kana kwamba ukali haujawahi kujaribiwa. Ulijaribiwa. Mwaka 1980 Kenya ilitunga sheria iliyopiga marufuku chang'aa moja kwa moja, na kwa miaka 30 iliyofuata machifu wa Bonde la Ufa walikuwa na uwezo wote wa kisheria ambao mpenda msako angeweza kuutamani. Marufuku hiyo ilifutwa mwaka 2010 na Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha katika Nakuru, kaunti ya Kuresoi yenyewe. Ilifutwa wakati ambapo hakuna aliyeweza kudai kwa uso mkavu kwamba ilikuwa imefaulu, kwa kuwa chang'aa ilikuwa bado ikinywewa kote nchini, tofauti ikiwa tu kwamba ilipikwa mafichoni mahali ambapo hakuna mkaguzi wa afya aliyeweza kufika. Tangu hapo kinywaji chenyewe si haramu. Kinachoharamishwa ni kukitengeneza na kukiuza bila leseni na bila chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Kwa kuwa hakuna mama wa Tinet au Amalo anayeweza kugharamia mtambo, chupa na leseni kwa pamoja, mabadiliko hayo hayakufika mlangoni pake, na msako umeendelea kama ulivyokuwa huku jina la kosa tu likibadilika.

Ili kuelewa msako hufanya nini hasa, ni lazima kutazama kwa karibu vinywaji viwili ambavyo kwa kawaida huwekwa katika kapu moja la pombe ya kienyeji. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliokandwa kwa maji na kuachwa uchache kwa siku kadhaa, kisha ukakaangwa juu ya bati au sufuria pana hadi ugeuke rangi, ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa uchachuke tena na mwishowe ukachujwa. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima, huhitaji pipa kubwa, moto mwingi na nafasi, harufu yake hutangulia mpikaji njiani, na pombe yenyewe huharibika upesi isiponywewa. Chang'aa ni jambo jingine. Kangara, yaani mchanganyiko uliochachuka wa nafaka au sukari guru, huchemshwa ndani ya chombo kilichofunikwa, mvuke wake ukapozwa kwa maji baridi na matone yakakingwa, na maji baridi hayana uhaba katika vijito vinavyoteremka kutoka msitu wa Mau. Kinachopatikana hutosha kwenye jerikeni ndogo inayobebwa chini ya shuka, hakiharibiki, na huuzwa kwa pima, kile kipimo kidogo ambacho kimempa muuzaji jina lake.

Watafiti waliofanya kazi Eldoret chini ya Rebecca Papas walipima vinywaji hivi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010: kwa wastani busaa ilikuwa na alkoholi ya takriban asilimia 4, ilhali chang'aa ilikuwa na takriban asilimia 34. Ukiziweka takwimu hizo mbili kando ya maelezo ya upishi, maana ya msako inajitokeza bila kuhitaji ufasaha wowote. Anayepika busaa ndiye anayekamatwa kwa urahisi, kwa kuwa hawezi kulificha pipa wala harufu; anayekeneka chang'aa ndiye anayeponea, kwa kuwa mali yake ni ndogo kwa ujazo na kubwa kwa nguvu. Msako unaorudiwa mwezi baada ya mwezi haupunguzi kiu ya kijiji; unachagua ni kinywaji kipi kitakachosalia kuituliza, na kila mara hukichagua kile kilicho kikali zaidi. Ndivyo ilivyokuwa Marekani kati ya 1920 na 1933, pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima na wafanyabiashara wa magendo wakaacha bia, iliyokuwa nzito kusafirisha, wakakimbilia vileo vikali. Mzee wa Kipsigis aliyewahi kuketi na wenzake kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, katika shughuli iliyokuwa na mpangilio wa marika na iliyowaweka vijana mbali, alikunywa kinywaji dhaifu mbele ya macho ya watu wanaomjua. Mjukuu wake anakunywa kinywaji chenye nguvu mara nane zaidi, kwa haraka na kwa siri, akiwa amesimama. Wanaolaumu kizazi kwa tofauti hiyo wangefanya haki kama wangeulaumu pia mkono wa serikali ulioisukuma.

Hoja inayotolewa kwa uchungu zaidi na watetezi wa misako ni ya vifo, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uangalifu kwa sababu makaburi ni ya kweli. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walifariki Kirinyaga. Lakini ni lazima kuuliza ni nini kilichowaua. Alkoholi inayolevya, ambayo wanakemia huiita ethanoli, ni tofauti na methanoli, kiowevu cha viwandani kinachofanana nayo kwa macho na harufu, ambacho ini hukigeuza kuwa asidi inayoharibu kwanza mshipa wa jicho na kisha uhai wenyewe. Ndiyo maana walionusurika wengi hubaki vipofu. Mahindi na wimbi vikichachuka hutoa methanoli kidogo mno, isiyoweza kuua kijiji. Vifo vya halaiki hutokea pale ambapo mfanyabiashara amechanganya kinywaji na kemikali ya viwandani ili apate faida kubwa kwa gharama ndogo. Huyo hapatikani kwa kupekua nyumba za udongo za Kiptagich. Hupatikana bandarini, kwenye maghala, kwenye vitabu vya forodha na kwenye maabara, na kumtafuta ni kazi ya upelelezi ambayo haina makofi ya barazani. Katika maafa ya Kirinyaga, serikali yenyewe ilieleza kwamba kinywaji kilichoua kilikuwa kimekamatwa tayari, kikahifadhiwa katika kituo cha polisi kama kielelezo cha mahakamani, kisha kikatoroshwa na kurudishwa sokoni. Msako ulikuwa umefanyika, ukafaulu kwa kipimo chake chenyewe, na watu wakafa kwa mzigo wake.

Hadi hapa mazungumzo yamekuwa ya pombe, na hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo, kwa sababu rai inayotawala haimtazami mnywaji isipokuwa kama shahidi au mkosaji. Mnywaji aliyefikia uraibu ni mtu ambaye mwili wake umezoea kileo kiasi cha kushindwa kufanya kazi bila hicho. Ubongo wake, ukiwa umetulizwa na pombe kila siku kwa miaka, umejirekebisha kwa kuongeza kasi ya mishipa ya fahamu ili kuufidia utulivu huo wa bandia. Pombe ikikatika ghafla, kasi hiyo hubaki bila kizuizi. Ndiyo sababu mikono yake hutetemeka asubuhi hata asiweze kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, na ndiyo sababu huenda kuzimua alfajiri kabla ya kukama ng'ombe. Haendi kwa anasa. Anatafuta saa chache za kuwa mtu wa kawaida. Akikosa pombe kabisa, jasho, kutapika na mtetemeko huanza siku hiyo hiyo. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo hupanda, na asiyetibiwa anaweza kufa. Watumiaji wa heroini wa pwani wana jina lao la mateso ya kukatikiwa, arosto, na wanaogopa arosto kuliko polisi. Lakini ukweli wa kitabibu ni kwamba arosto ya heroini ni nadra kumuua mtu mzima aliye na afya, ilhali ya pombe huua. Msako uliofaulu kukausha kijiji kizima kwa usiku mmoja, bila muuguzi yeyote kujulishwa, ni hatari kwa uhai wa walevi sugu wa kijiji hicho, na seli ya polisi ni mahali pabaya mno pa kupitishia siku ya tatu.

Hawa si wachache. Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na matumizi mabaya ya dawa za kulevya, NACADA, ilichapisha uchunguzi wake wa mwaka 2022 ikionyesha kwamba mtu 1 kati ya kila 20 nchini Kenya, miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 hadi 65, ana matatizo ya kiafya yatokanayo na matumizi ya pombe, jumla yao ikiwa zaidi ya watu 1,350,000. Hakuna seli za kuwatosha, na kama zingekuwepo, wangetoka wakiwa wagonjwa vilevile.

Pingamizi la kimaadili hujitokeza hapa, na hutolewa na watu wema: viongozi wa makanisa, akina mama waliochoka, wazee waliozika wana wao. Husema kwamba kuuita ulevi ugonjwa ni kumwondolea mlevi wajibu, kwamba hakuna aliyemshika mtu koo akamnywesha pima la kwanza, na kwamba jamii ikiacha kukemea itakuwa imebariki. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hilo ina ukweli, lakini ukweli huo hauongozi kwenye seli. Mgonjwa wa shinikizo la damu pia alikula chumvi kwa mkono wake, na mgonjwa wa kisukari mara nyingi alionywa; hata hivyo hakuna chifu anayetumwa kuwakamata, na hakuna anayefikiri kwamba kuwapa dawa ni kubariki ulaji wao. Mwaka 2000 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha makala ya Thomas McLellan na wenzake iliyolinganisha uraibu na kisukari, shinikizo la damu na pumu, ikaonyesha kwamba viwango vya wagonjwa kurudia hali zao za awali vinakaribiana sana katika maradhi yote hayo. Mgonjwa wa presha aliyeacha vidonge akaanguka hurudishwa kliniki na kuongezewa uangalizi, ilhali mraibu aliyerudia pombe huambiwa kuwa hakuwa na nia. Ugonjwa hauondoi wajibu. Hubadilisha wajibu wenyewe kuwa wa kutafuta tiba na kuifuata, na wajibu huo hauwezi kumbana mtu ambaye tiba haipo mahali anapoweza kuifikia kwa miguu au kwa nauli ya pikipiki. Sheria ya Kenya yenyewe imeanza kusogea upande huo: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Ni vigumu kueleza kwa nini mtu anayejimaliza kwa siku moja astahili daktari na yule anayejimaliza kwa miaka kumi astahili pingu.

Wapo wanaokubali yote hayo kisha wakaishia kwenye jibu ambalo limekuwa maarufu kiasi cha kuwa sehemu ya rai inayotawala: zijengwe nyumba za kurekebisha tabia, ambako mraibu hulazwa kwa miezi mitatu hivi mbali na kijiji chake. Kituo cha namna hiyo kina nafasi yake kwa wagonjwa waliozidiwa, lakini kukifanya kuwa mpango wa afya ya umma ni kukosea hesabu. Vituo vingi viko mikononi mwa watu binafsi na vimejikusanya Nairobi na kaunti zinazouzunguka mji huo, na ada zake ziko mbali na uwezo wa mtu anayechuma majani chai ya wenyewe au kuchimba viazi kwa kibarua cha siku. Sheria ya mwaka 2010 inasema hata kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa ulevi na fujo zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12 apelekwe kwenye programu ya kurekebishwa katika hospitali ya umma, lakini kwa gharama yake mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu aliyefikia hali hiyo ni sawa na kusema asipelekwe. Isitoshe, anayetolewa kijijini kwa siku 90 hurudishwa kijiji kile kile, kwa marafiki wale wale na kwenye njia ile ile inayopita mlangoni kwa mama pima, na hakuna mtu aliyefunzwa wa kumfuatilia wiki ya kwanza baada ya kurudi, ambayo ndiyo wiki ngumu kuliko zote.

Jibu lenye ushahidi limekuwepo Bonde la Ufa lenyewe kwa zaidi ya miaka 10, na ni ajabu na ni jambo la kusikitisha kwamba halitajwi katika mabaraza. Huko Eldoret, katika kliniki za UKIMWI zinazoendeshwa kwa ushirikiano na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Papas na wenzake walichukua tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo yenye mpangilio yanayomfundisha mtu kuzijua hali zinazomsukuma kunywa na kuyafanyia mazoezi mambo ya kufanya badala yake, wakaigeuza iendane na maisha ya huko. Waliomudu kuiendesha hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa washauri wasio na shahada, waliofunzwa kazi hiyo na kusimamiwa kwa makini. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kila kikao dakika 90, kwa Kiswahili, wanaume kwao na wanawake kwao. Mshiriki alijifunza kuhesabu alichopoteza kwa shilingi, kwa kuwa anayenunua kwa pima hajui amekunywa lita ngapi lakini anajua ametumia pesa ngapi, na alifanya mazoezi ya kumkatalia rafiki anayemwita kilabuni bila kumvunjia heshima. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011 na lililowahusu watu 75, asilimia 69 ya waliopata tiba hiyo walieleza siku 90 baadaye kwamba hawanywi, ikilinganishwa na asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Jaribio kubwa lililofuata, la watu 614, lilichapishwa mwaka 2021 na likathibitisha kwamba tiba hiyo hupunguza unywaji kuliko elimu ya afya peke yake. Ni kweli kwamba washiriki walikuwa watu waliokwisha kuzoea kuhudhuria kliniki, na Kuresoi italazimika kujenga mazoea hayo. Lakini kati ya njia iliyopimwa hivyo na msako, ambao hakuna aliyewahi kuupima kwa idadi ya watu walioacha kunywa, mzigo wa kujieleza hauko upande wa tiba.

Vifaa vya kuanzia si vya ajabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 dodoso la maswali 10 ambalo muuguzi anaweza kulimaliza kwa dakika chache na kujua kama aliye mbele yake ni mnywaji wa kawaida, mnywaji aliye hatarini au mraibu. Kwa aliye hatarini, mazungumzo mafupi ya muuguzi huyo huyo mara nyingi hutosha kupunguza unywaji. Kwa mraibu anayetaka kuacha, hospitali za Olenguruone na Molo zinahitaji vitanda vichache, diazepamu ya kuzuia degedege, vitamini B1 ya kuukinga ubongo, ambazo ni dawa za bei nafuu, na watumishi waliofunzwa kuzitumia. Zipo pia dawa kama naltreksoni, ambayo hupunguza raha ya pombe na hamu yake. Na kwa ufuatiliaji, tangu Septemba 2023 serikali imesambaza nchini takriban wahudumu 100,000 wa afya ya jamii ambao huzitembelea kaya wakiwa na mashine za kupima presha na sukari. Anayeingia nyumbani kupima presha ya baba anaweza, akifunzwa na kulipwa kwa wakati, kuuliza maswali 10 na kurudi wiki ijayo kumuuliza hali.

Anayedhani kwamba serikali ya Kenya haiwezi kumwona mraibu kama mgonjwa na atazame Nairobi na pwani. Desemba 2014 hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kutoa methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu na inayozuia arosto ya heroini bila kulevya, na mapema mwaka 2015 Malindi ikafuata, Tanzania ikiwa imetangulia katika Hospitali ya Muhimbili tangu 2011. Watu walioitwa mateja na kukimbizwa mitaani walianza kupanga foleni kliniki, wakarudi kwa wake, waume na kazi zao. Hakuna aliyesema kwamba Malindi imebariki heroini. Tofauti kati ya kijana wa Malindi na wa Keringet haitokani na sayansi wala maadili. Ilitokana kwa kiasi kikubwa na hofu kwamba sindano za heroini zingeeneza UKIMWI, na fedha za wafadhili, hasa Marekani, zilizofuata hofu hiyo. Pombe ya Bonde la Ufa haikuwa na mfadhili, basi ikaachiwa chifu. Na misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, hata huduma zilizojengwa juu ya fedha hizo zilitikiswa, jambo linaloonyesha kwamba tiba ya uraibu sharti iingizwe kwenye bajeti ya nyumbani.

Watetezi wa misako hupenda kuhitimisha kwamba anayepinga msako anataka pombe iuzwe kiholela. Si hivyo, na hapa ndipo tofauti kati ya udhibiti na msako inapostahili kushikiliwa kwa nguvu. Afya ya umma haijawahi kupuuza upatikanaji: kodi, saa za kufungua, umri wa mnunuzi, umbali wa baa kutoka shuleni na ukubwa wa chombo ni silaha zenye ushahidi duniani kote, na saa za kuuza zilizowekwa na Sheria ya Mututho ni miongoni mwa mambo mema zaidi katika sheria hiyo. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali, kuanzia 1 Machi 2017, na Uganda ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019, zilimbana mtengenezaji na kiwanda chake, zikauondoa mfukoni mwa mwanafunzi ulevi wa bei ya chini kabisa. Hatua kama hizo humkabili mwenye nguvu. Msako humkabili asiye na nguvu, na kwa kawaida haufiki kwa mwenye baa iliyo na leseni ambaye pombe yake ya kodi humfikisha mraibu pale pale.

Asiye na nguvu huyo, mara nyingi zaidi, ni mwanamke. Maeneo haya ya Kuresoi yalitegemea pareto hadi malipo ya wakulima yalipokauka na zao lenyewe likaporomoka. Wakazi walihamishwa na nyumba zao kuchomwa katika ghasia za 1992 na za 2007 na 2008, na wengi walirudi kwenye misingi ya nyumba iliyobaki majivu. Na sasa maeneo haya yanategemea viazi ambavyo bei yake huanguka wakati wa mavuno na ambavyo mfanyabiashara hununua kwa lumbesa, gunia lililorefushwa kwa wavu juu ya mdomo wake ili mkulima atoe zaidi kwa bei ile ile. Mjane anayepika kangara kulipa karo hapiki kwa kuwa amekosa mahubiri. Akikamatwa hulipa faini, na faini hiyo huilipa kwa kupika tena. Kumtaka aache bila soko la haki la viazi au maziwa ni kumtaka amtoe mtoto shuleni, na hakuna baraza lililowahi kumwambia hivyo waziwazi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeweka mikononi mwa serikali za kaunti utoaji wa leseni za vileo, udhibiti wa dawa za kulevya na huduma za afya za kaunti, vyote vitatu. Maana yake ni kwamba Nakuru inayokusanya ada kutoka kwa kila baa ya Keringet na Mau Summit ndiyo Nakuru inayoajiri wauguzi wa Olenguruone na kununua dawa za zahanati za Nyota na Amalo. Sheria ya mwaka 2010 inataja tiba na urekebishaji wa waraibu miongoni mwa malengo yake, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa hiyo wakazi wa Kuresoi wanapoitwa kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, wana haki ya kuuliza maswali mahususi: ni shilingi ngapi zilizokusanywa kwa leseni za pombe katika maeneo bunge yao mawili, ni ngapi kati yake zilizorudi kwenye zahanati kwa ajili ya waraibu, ni wauguzi wangapi waliofunzwa kutambua degedege la kukatikiwa pombe, na ni lini vikundi vya ushauri vya aina ya Eldoret vitaanza kukutana Keringet siku ambayo si ya soko.